FUNDISHO KWA WAZAZI: MTOTO AMEJIFUNZA NINI SHULENI JUMA HILI?

Masomo ya kufungua nyumbani: Kumbukumbu la Torati 6:6-7, Nehemia 8:1-8, Matendo ya Mitume 8:26-35.



Jambo tunaloleta leo lilitupata sisi wenyewe nyumbani, kwa hiyo hatulisemi kama watu wanaohukumu wengine. Tuna mtoto wa mwaka wa pili wa shule ya msingi. Kila jioni alileta kitabu chake karibu na moto, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti nzuri bila kukwama. Sisi tulifurahi sana. Tulisema kwa majirani kwamba kijana huyu anasoma kama shemasi siku ya ibada. Jioni moja tulikuwa na mgeni, mzee aliyekuwa mwalimu zamani, tukataka aone ujuzi wa mtoto. Mtoto akasoma ukurasa wote. Mzee hakusema neno. Aliweka kidole chake juu ya neno moja katikati ya ukurasa, akauliza: «Hapa pameandikwa nini, mwanangu?»

Mtoto akanyamaza. Akaangalia juu kwenye dari, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza, pole pole, mpaka alipofika mahali alipodhani kwamba neno lile lipo. Akajibu. Halikuwa lile. Mzee akasogeza kidole mahali pengine, na mambo yakawa yale yale. Basi tukafahamu kwamba mtoto wetu hakujua kusoma hata neno moja. Ukurasa ule aliusikia darasani wenzake wakiuimba pamoja na mwalimu, tena aliusikia nyumbani kwetu, maana sisi wenyewe tulikuwa tunamsomea kwanza kabla ya yeye kusoma. Alikuwa ameuweka wote kichwani. Bileteni yake ilikuwa na pointi nzuri, na sisi tulikuwa tumetia sahihi.

Tulilala vibaya usiku ule. Kisha tukaanza kuuliza wazazi wengine, na tukaona kwamba hatuko peke yetu. Ndiyo sababu tunaandika fundisho hili.

Kukariri na kusoma ni vitu viwili

Hatutaki mtu afikiri kwamba tunadharau kukariri. Wazee wetu walibeba mambo makubwa kichwani. Huko Walikale, mzee mmoja wa Kinyanga, Candi Rureke, mwaka 1956 alisimulia hadithi ndefu ya Mwindo kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kuangalia karatasi yoyote. Mzungu mmoja, Daniel Biebuyck, akaiandika, na mwaka 1969 ikatoka kitabu huko Marekani pamoja na kazi ya mtoto wa nchi, Kahombo Mateene. Kichwa cha mzee yule kilikuwa maktaba. Lakini angalieni: ukimpa mtu wa namna ile kitabu asichokijua, na hakusomeshwa herufi, hawezi kukufungulia. Na mtoto tunayempeleka shuleni tunataka aweze kufungua kitabu ambacho hajakisikia kamwe.

Katika Matendo ya Mitume tunaona mtumishi mkubwa wa Kushi amekaa katika gari lake, anasoma nabii Isaya kwa sauti. Filipo alipomkaribia hakumsifu kwa sauti yake nzuri. Alimwuliza kama anafahamu anayoyasoma. Na yule mtu hakuona haya, alisema wazi kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akamwomba Filipo apande akae naye. Katika Nehemia nako, Walawi walisoma wazi wazi, wakaeleza maana, hata watu wakafahamu. Basi hata katika Maandiko, kutoa sauti hakutoshi.

Sasa tuingie darasani

Wazazi wengi wanauliza mtoto anaporudi: «Umesoma?» Mtoto anajibu: «Nimesoma.» Hapo mazungumzo yamekwisha, kila mtu anaenda kula. Lakini mwalimu hafundishi «kusoma» kwa jumla. Kila juma ana kipande chake. Mwalimu wa shule ya msingi anashika jurnale ya darasa, anaandika ndani yake somo la kila saa, na direkta anaitia sahihi. Si siri ya serikali. Mzazi anaweza kufika kwa adabu, akasalimia, akauliza: juma hili watoto wako kwenye herufi gani? Wako kwenye hesabu gani? Mwalimu atafurahi, maana kwa kawaida mzazi anakuja shuleni siku ya ugomvi tu.

Katika mwaka wa kwanza somo la kusoma linakwenda hivi. Mwalimu anachukua neno ambalo watoto wanalijua, kama mama. Watoto wanalisema, wanalipiga makofi: ma-ma, makofi mawili. Kisha anatoa sauti moja, m, anaiandika ubaoni. Anaiunganisha na a, e, i, o, u: ma, me, mi, mo, mu. Siku zinazofuata watoto wanatafuta maneno mengine yenye sauti ile, wanaiandika hewani kwa kidole, halafu kwenye mbao zao au kwenye kaye. Mwisho wa juma ni imla: mwalimu anasema, watoto wanaandika bila kuangalia ubao. Juma lijalo herufi nyingine. Kitabu kimoja kinaanza na herufi hii, kingine na ile, lakini njia ni moja: kila juma jiwe moja linawekwa juu ya lile la juma lililopita.

Tuone jambo hili kwa majina ya kwetu, maana hatuoni mfano ulio bora zaidi. Mtoto akijua herufi nne tu, m, s, a, na i, amekwisha kupata jina la teritwari yetu: Ma-si-si. Kwa herufi zile zile nne anaandika mama, anaandika mimi, anaandika sisi. (Anaweza pia kuandika siasa, lakini hilo tuliache kwanza.) Mwongezee w, l, k na e, naye anapanda mpaka Wa-li-ka-le, na tena anaweza kusoma kila, lala, wale, kali, na kelele, neno ambalo kila mwalimu analihitaji. Sa-ke, Lo-wa, Ru-ba-ya, yote yanakwenda vivyo hivyo, silabi moja moja, kila silabi inaishia kwa sauti iliyo wazi. Ka-she-be-re ina herufi mbili zinazotoa sauti moja, sh. Pi-nga na Nya-bi-o-ndo ni za baadaye, mtoto anapofika kwenye ng, ny na nd zilizoshikana. Na ng' ya ng'ombe ndiyo mlima wa mwisho. Watoto wa Masisi wanaoamka kila siku kati ya ng'ombe wanajua mnyama, lakini neno lake linawatesa.

Mnaona kwa nini juma moja lina uzito. Mtoto aliyekuwa na malaria juma la herufi k, akirudi atakuta Wa-li na la mwisho le, na katikati kuna shimo. Hatasema kwamba kuna shimo. Atasikiliza wenzake wanasemaje, naye atasema pamoja nao. Hivyo ndivyo kukariri kunavyoanza. Haanzi kwa uvivu. Anaanza kwa sababu ya aibu.

Kwa nini mwalimu haoni

Msiseme upesi kwamba mwalimu ni mbaya. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa. Sisi tunaokumbuka miaka ya prime, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, watoto walipofukuzwa darasani mbele ya wenzao kwa sababu baba hakulipa, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini watoto waliongezeka, na madarasa hayakuongezeka kwa kadiri ile ile. Tufanye hesabu ndogo. Darasa lina watoto 60. Somo la kusoma ni dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto peke yake, kila mtoto anapata nusu dakika, na hapo mwalimu hajaandika kitu ubaoni wala hajanyamazisha mtu. Basi anawasomesha wote kwa pamoja, kwa kuimba. Katika wimbo wa watoto 60, watoto 20 wasiojua hawasikiki.

Nyumbani watoto ni wachache. Nyumbani mtoto mmoja anaweza kusikilizwa peke yake. Mwalimu hana nafasi hii, ninyi mnayo.

Habari ya lugha

Hapa kuna mabishano makali, hata kati yetu mashemasi. Baba mmoja alisema: «Mimi nilimpeleka mtoto ajifunze Kifaransa. Kiswahili anakijua tayari, anakisema sokoni. Mbona wanampotezea miaka miwili?»

Tumjibu kwa upole. Kwanza, katika Masisi na Walikale si kweli kwamba kila mtoto anaingia shuleni anajua Kiswahili. Katika darasa moja mnakuta mtoto wa Kihunde, wa Kinyanga, wa Kinyarwanda, wa Kitembo, wa Kikumu. Kiswahili kwa wengi wao ni lugha ya pili, na Kifaransa ni ya tatu. Katiba inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na Kifaransa kama lugha ya serikali. Kwa mpango wa masomo, mtoto mdogo anaanza kusoma na kuandika katika lugha ya taifa, na Kifaransa anakianza kwa mdomo, kwa salamu, majina ya vitu na nyimbo. Baadaye ndipo Kifaransa kinachukua nafasi kubwa mpaka mtihani wa taifa wa mwaka wa sita. Shule nyingine zinafuata mpango huo, nyingine zinaruka moja kwa moja kwenye Kifaransa kwa sababu wazazi wanapenda hivyo.

Maoni yetu ni haya. Mtoto hajifunzi kusoma mara mbili. Akishafahamu kwamba alama ile ubaoni inashika sauti ile ya mdomoni, amefahamu kwa lugha zote. Na Kiswahili kinamfundisha jambo hilo kwa haraka, kwa sababu hakidanganyi: a ni a siku zote, m ni m. Kifaransa kina mitego. Ili kuandika sauti moja o, kuna neno lao la maji, eau, herufi tatu, na hakuna hata moja kati yake inayosikika jinsi ilivyo. Mpe mtoto mtego huo siku ya kwanza, ataona kwamba herufi hazina maana, na njia iliyobaki kwake ni kukariri umbo la neno zima. Mtoto wetu alianza hivyo. Sisi wenyewe tulimnunulia kitabu cha Kifaransa tukitaka aende mbio kuliko wengine.

Kuna pia l na r, ambazo katika lugha nyingi za kwetu zinachezacheza. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula. Kula ni kwa mdomo, kura ni kwenye sanduku. (Desemba 2023 watu wa Masisi hawakupata nafasi ya kupiga kura kwa sababu ya vita, kwa hiyo hatutawapigia kelele watoto wanaosahau neno hilo.) Mtoto akichanganya, msimcheke, na hasa msiseme: «Huyu anasema kama watu fulani.» Katika nchi yetu watu wamekufa kwa sababu ya namna walivyotamka neno. Darasa la watoto lisiwe na jambo hilo hata kwa mchezo.

Hesabu

Hapa tutapita upesi, kwa maana wazazi wetu, hata wasiojua kuandika, ni walimu wazuri wa hesabu. Mama anayeuza mawese Walikale au maharagi Masisi hadanganywi.

Mwaka wa kwanza watoto wanahesabu vitu kwanza, si namba: vijiti, mbegu za maharagi, mawe madogo. Kisha wanafunga vijiti kumi kwa kamba ya mgomba, na lile ni fungu moja. Kumi na tatu ni fungu moja na vijiti vitatu. Kiswahili chetu cha Kongo kinasaidia sana, kwa maana tunasema makumi mbili, makumi tatu, na mtoto anasikia mafungu masikioni. Kwa Kifaransa treize haionyeshi kumi wala tatu, lazima akariri. Tushukuru kidogo kwamba sisi pamoja na Wabelgiji tunasema septante na nonante, kuliko Wafaransa wenyewe wanaosema sabini kama «sitini na kumi».

Mtoto anayehesabu mpaka mia kwa kuimba, mweke mbele ya maharagi kumi na saba umwambie: nipe tisa, yamebaki mangapi? Akianza kuimba tena kutoka moja bila kugusa maharagi, ni ugonjwa ule ule wa kukariri, na dawa yake ni ile ile: agushe kitu kwa mkono. Mtumeni kununua chumvi na noti ya faranga 500, halafu aeleze chenji kabla ya kwenda, si baada ya kurudi.

Majuma yaliyokatika

Tulisema kwamba kila juma ni jiwe. Sasa tuseme juu ya majuma ambayo hayakuwepo.

Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tuliacha kaye juu ya benchi. Tuliporudi darasani miezi mingi ilikuwa imepita, na mwalimu, ambaye naye alikuwa amekimbia, aliendelea pale alipoachia, kama mtu aliyetoka nje kidogo tu. Hakuna aliyetuuliza tumesahau nini. Mpaka leo kuna sehemu za hesabu za mgawanyo ambazo tunazikwepa, na tunajua ni majuma gani yalizichukua.

Watoto wetu wameyaona hayo tena. Januari 2025 vita viliingia Masisi-centre, na Machi 2025 vilifika Walikale-centre. Watu walikimbilia Goma, wengine msituni, wengine kwa ndugu. Mwezi wa Februari 2025 kambi za pembeni ya Goma zikafungwa, watu wakabeba mizigo tena. Mtoto wa miaka saba katika mwendo huo anaweza kukaa katika shule tatu kwa mwaka mmoja. Shule ya kwanza iko kwenye herufi ya nane, ya pili iko kwenye ya kumi na tano, ya tatu inasoma Kifaransa tu. Kila mahali anaambiwa: kaa nyuma, fuata wenzako.

Kwa wazazi wa watoto hao tunasema: msiwe na haraka ya mwaka. Tunajua aibu ya kusema mtoto wa miaka tisa yuko mwaka wa kwanza. Lakini mtoto anayekaa mwaka wa nne bila kujua silabi anateseka kila saa ya kila siku, na siku moja atasikia kwamba Rubaya kuna coltan, au kwamba huko Walikale kuna mashimo ya kasiteriti, ataona ni afadhali kubeba mfuko kuliko kukaa nyuma ya darasa. Watoto wengi waliotoka shuleni kwenda kwenye mashimo hawakufukuzwa na mtu. Walichoka kutofahamu.

Ukifika na mtoto kwenye shule mpya, mwambie direkta ukweli: huyu amepoteza miezi kadhaa, herufi anazozijua ni hizi. Afadhali aibu ya siku moja.

Jinsi ya kumpima mtoto nyumbani

Hii ndiyo sehemu tunayopenda msomewe wote, hata mama ambaye hakuingia shuleni siku moja. Mama mmoja alituambia: «Ninyi mashemasi mnasema tu. Mimi sijui a. Nitamwulizaje mtoto?» Tulikwenda kwa yule mwalimu mzee tukamwuliza neno hilo hilo, akatufundisha njia ambayo hatutaisahau.

Mama, macho yako yanaona. Fungua kitabu cha mtoto, chagua neno lolote, liangalie umbo lake jinsi unavyoangalia umbo la jani kwenye mboga. Kisha litafute umbo lile lile mahali pengine kwenye ukurasa. Huhitaji kujua linasema nini. Weka kidole juu ya la kwanza, umwulize mtoto: hapa ni nini? Atajibu. Zungumza naye habari nyingine kidogo. Kisha weka kidole juu ya la pili. Akijibu neno lile lile, anaona. Akijibu neno lingine, anabahatisha. Umempima bila kujua a, na mtoto hawezi kukudanganya.

Kwa baba anayejua kusoma kuna njia nyingine. Andika chini kwa kijiti, au kwa makaa juu ya kipande cha karatoni, neno ambalo halipo duniani: Li-ka-wa-le. Si-ma-si. Mtoto anayesoma atalitamka halafu atacheka, maana amesikia kwamba mtu amevunja jina la kwao. Mtoto anayekariri atasema moja kwa moja: Walikale, Masisi. Ameona herufi anazozijua akakimbia. Au msomeshe mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno kwa neno. Wimbo hauwezi kwenda kinyumenyume.

Jambo moja zaidi. Ukigundua kwamba mtoto hajui, usipige. Sisi jioni ile tulisimama na hasira, na mzee akatushika mkono. Akasema: «Ukimpiga leo, kesho atakariri kurasa mbili.» Alikuwa na haki. Mtoto alikuwa ameficha shimo lake kwa sababu ya kuogopa sisi.

Na watoto wa kike: mtoto anayerudi shuleni akapewa mtungi, halafu mtoto mchanga wa kubeba, halafu sufuria, anaona kitabu chake gizani. Tunaomba robo saa tu kabla jua halijazama. Kaka yake achote maji siku hiyo, mikono anayo.

Tangu jioni ile tulirudi nyuma na mtoto wetu kwenye a, e, i, o, u, ingawa yuko mwaka wa pili. Tulificha kitabu cha Kifaransa juu ya kabati. Siku za kwanza alilia, akisema ni mambo ya watoto wadogo. Juma la tatu alisoma neno chumvi juu ya mfuko wa duka bila mtu kumwambia, akageuka kuangalia kama tumesikia. Sasa amekwama kwenye ng', na kila jioni ng'ombe anashinda.

Maulizo ya kujibu pamoja katika vikundi vya juma hili

1. Filipo alimwuliza mtu wa Kushi swali gani, na kwa nini yule mtu hakukasirika? Mtoto wako akiulizwa hivyo na wewe, atajibu wazi au ataogopa?

2. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 zinatajwa saa na mahali pa kuzungumza na watoto: nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Ni ipi kati ya saa hizo ambayo kwako ipo kweli, ukihesabu shamba, soko na maji?

3. Katika kikundi chenu, nani ana mtoto aliyebadilisha shule kwa sababu ya vita? Ni majuma gani aliyokosa, na ni nani hapa jirani anayeweza kukaa naye saa moja siku ya Jumamosi?

4. Kabla ya kukutana tena, kila baba na kila mama apime mtoto mmoja kwa njia ya maneno mawili yenye umbo moja. Aje na jibu, hata kama si zuri. Sisi tutakuja na la kwetu.